Namna ya kusoma tarehe za hati za makoloni ya Waingereza Marekani kabla ya 1752

Mkononi una wosia wa Virginia au daftari la ubatizo la Massachusetts. Usinakili tarehe bado. Hadi 1752 makoloni haya yalifuata kalenda ya Juliasi, ya zamani kuliko ya Gregori tunayotumia leo, na kisheria mwaka mpya uliingia 25 Machi, sikukuu ya Maria Kupashwa Habari.

Anza na mwezi. Tarehe ikiwa kati ya 1 Januari na 24 Machi, tafuta mwaka ulioandikwa kwa alama ya mkwaju (/). Hati za kuwakamata washtakiwa wa kwanza wa uchawi Salem ni za 29 Februari 1691/92. Mwaka wa kushoto ni wa sheria, wa kulia ndio wetu. Ukishika 1691 utajikuta na 29 Februari katika mwaka usio mrefu! Pasipo na mkwaju, tazama kurasa za jirani: Desemba 1710 ikifuatwa na Januari 1710, Januari hiyo ni ya 1711.

Penye namba badala ya jina la mwezi ndipo wengi wanapoteleza. Wakweka, dhehebu la Kikristo, hasa wa Pennsylvania, hawakutaka majina yenye miungu ya Kirumi, wakahesabu: mwezi wa 1 ni Machi, wa 11 Januari, wa 12 Februari. Anayejua kwamba Mfunguo Mosi si mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu hatapata taabu hapa. Kuanzia 1752 mwezi wao wa 1 ukawa Januari. Lakini "7ber", aandikaye yeyote, ni Septemba, si Julai. Ile 7 ni "septem" ya Kilatini. "8ber" ni Oktoba, na kuendelea hivyo.

Siku za kuifikia kalenda ya Gregori huongezwa mwishoni: 10 kwa tarehe za hadi Februari 1700, 11 kuanzia Machi mwaka huo. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731/32, yaani 22 Februari 1732. Nakili kwanza kama ilivyoandikwa, kisha weka tarehe mpya kwenye mabano; vinginevyo atakayekufuata ataongeza tena siku zilezile.

Usihangaike kutafuta ubatizo wa 3 hadi 13 Septemba 1752. Makoloni yalipohamia kalenda ya Gregori, tarehe 2 ilifuatwa na 14.

Hati za Kiholanzi za New York, kabla Waingereza hawajaitwaa 1664, usiziongezee kitu: zimeshaandikwa kwa kalenda ya Gregori.