Bunduki kongwe ya marisau ya Kijerumani: mwaka wake uko chini ya mitutu

Watu wengi wakishika bunduki kongwe ya marisau kutoka Ujerumani wanasoma jina lililochongwa juu ya mitutu halafu wanaishia hapo, kumbe lile jina mara nyingi ni la muuzaji tu, bunduki yenyewe imetengenezwa kwingine, na hapo kwingine mara nyingi ni Suhl, mji wa mafundi bunduki huko Ujerumani.

Kwanza hakikisha haina risasi, kagua mitutu yote miwili. Halafu toa ule ubao wa mbele, vua mitutu, igeuze. Mihuri ya majaribio, yaani alama za kuonyesha bunduki imepimwa, imejaa pale chini karibu na kitako cha mtutu na kwenye bapa la chuma ambalo mitutu inalalia. Futa kwa kitambaa na mafuta kidogo, usikwangue na msasa jamani, ukifuta muhuri umefuta historia yote.

Sasa tafuta taji. Sheria ya majaribio ya bunduki ilipitishwa 1891 ikaanza kutumika 1893, na tangu hapo ni taji juu ya herufi: S ni mtutu wa marisau, W ina choki (mtutu unabana kidogo mdomoni), G una mifuo ya ndani ya risasi moja (kwa hiyo ukiona S na G pamoja inawezekana ni ile ya mitutu mitatu), U imekaguliwa. V ndo naipenda mimi, maana yake bunduki ilishakuwepo kabla sheria haijaanza. Taji na N ni baruti isiyo na moshi, hiyo ilikuja 1911, hivyo ukiiona ujue mwaka hauwezi kuwa nyuma ya hapo, labda irudishwe kupimwa tena baadaye. Kukiwa na tai amekaa juu ya N bila taji, hiyo ni sheria mpya iliyoanza 1940.

Tarehe yenyewe ndo inawapiga chenga watu. Za miaka ya 1920 na 1930 utakuta tarakimu kama 1126 au 6.27, yaani Novemba 1926 na Juni 1927, mwezi kwanza kisha mwaka. Mimi niliwahi kuichukulia kama namba ya bunduki nikahangaika nayo wiki nzima. Na hiyo ni tarehe ya kupimwa, si ya kuuzwa. Za Ujerumani Magharibi baada ya vita zinaweza kuwa na herufi mbili badala ya tarakimu: A ni 0, B ni 1, hivyo hivyo hadi I ambayo ni 8, J inarukwa, K ni 9. Kwa hiyo HI ni 1978. Muhuri wa pembe za kulungu ni wa kituo cha kupimia bunduki cha mji wa Ulm.

Usishtuke ukiona 13/1 kwenye bunduki ya kalibri 12, hicho ni kipimo cha tundu la ndani, kalibri utaiona kwenye duara. "Nicht für Kugel" inamaanisha usipige risasi moja nzima, ni ya marisau tu. "Krupp" na "Böhler" ni majina ya chuma, siyo ya fundi.

Ila mwaka usikuvimbishe kichwa ukaenda kufyatua. Nyingi za zamani chemba yake (tundu la nyuma inapokaa risasi) ni milimita 65 na risasi za sasa nyingi ni za 70, zinaingia vizuri tu halafu ukifyatua mdomo wake unafunguka pasipo na nafasi, presha inapanda. Fundi aipime chemba kwanza.