Kutengeneza gemu na rafiki bila kununiana

Mimi naandika programu nikiwa Moshi, mwenzangu anachora picha akiwa Arusha. Anzeni na kitu kidogo mnachokijua. Sisi tulichukua bao: mashimo 32, kete 64, sheria zipo tayari, hakuna cha kubishania. Tumieni Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, na hata mkiuza gemu hamdaiwi senti. Gaweni neno la mwisho: rangi ni zake, mwendo wa kete ni wangu, basi. Kazi hifadhini kwenye Git, programu inayotunza kila toleo mnalolihifadhi. Mmoja akivuruga, mnarudi toleo la jana bila lawama. Mgawo wa pesa andikeni kabla shilingi haijaingia (hapa ndipo urafiki mwingi hufia). Mkikwama, acheni kuchati. Pandeni Coaster mkutane njiani, Boma Ng'ombe, mpeni kijana yeyote simu acheze, nyie mnyamaze mtazame kidole chake kinasita wapi. Hapo ndipo pa kurekebisha.