Somo: Kuusikia muziki uliofichwa katika gemu uliyokwisha kuimaliza

Ndugu zangu, somo hili ni la wale waliomaliza gemu wakaiweka kando. Nitatumia zaidi Super Mario World ya mwaka 1990, iliyotungiwa muziki na Koji Kondo, kwa kuwa ndiyo niliyoirudia mara nyingi kuliko zote.

Hatua ya 1. Imalize kwanza kama kawaida. Anayekimbia huku roho iko mkononi hasikii muziki, wala halaumiwi.

Hatua ya 2. Irudie ukiwa umevaa hedifoni, na kila mara ubadilishe jambo moja tu. Chagua levo yenye Yoshi, yule dinosaria anayepandwa na Mario, uipite kwa miguu, kisha uipite tena ukiwa umempanda. Wimbo ni ule ule, lakini Mario akikaa tu mgongoni, ngoma ndogo za mkono huingia chini yake, na akishuka zinanyamaza. Mara ya kwanza nilipozisikia nilipunguza sauti nikaenda dirishani, nikidhani kwa jirani kuna harusi.

Hatua ya 3. Imba kwa mdomo uliofumba, kwani hapa ndipo penye utajiri wote. Ushike wimbo wa levo za juu ya ardhi mpaka utoke wenyewe, kisha uingie levo ya majini huku ukigonga meza kwa kidole: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Utagundua kwamba Kondo hakutunga wimbo mwingine, bali aliuchukua ule ule akauweka katika mapigo matatu ya valsi, na chini ya ardhi akaurudisha ukiwa na kiza na mwangwi. Sikio hudanganywa na mapigo likadhani ni nyimbo tatu, ila koo lililokwisha kuuzoea wimbo huutambua.

Hatua ya 4. Weka padi chini usubiri. Ukifika katika ramani ya levo za siri za gemu hii na kutulia kama dakika mbili, muziki hugeuka ukawa ule wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mtunzi mwingine, Kazumi Totaka, ana kiwimbo chake cha noti 19 ambacho amekificha katika gemu nyingi alizozifanyia kazi. Katika Super Mario Land 2 ya mwaka 1992 hukipati mpaka ushindwe kabisa, kisha uiache skrini ya kushindwa kwa takriban dakika mbili na nusu. Nani husubiri hapo? Wengi wetu hubonyeza kitufe kwa hasira kabla ya sekunde tano kwisha.

Kila ukipata jambo, andika katika daftari mahali, muda na ulichokuwa ukifanya, la sivyo hutaweza kumwonyesha mwenzako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi huchezea kwenye banda ninalolipia kwa nusu saa. Nitasubirije?
Jibu: Usisubiri, ndugu yangu, utamaliza hela bure. Fanya hatua ya 2 na ya 3, kwa kuwa hizo hufanyika huku ukicheza.

Swali: Je, kwenye picha nako kuna vitu vya namna hii?
Jibu: Vipo. Katika Super Mario Bros. linganisha wingu na kichaka: ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Gemu nzima ilipaswa kuenea katika kilobaiti 40, hivyo hapakuwa na nafasi ya kuchora mara mbili.

Swali: Kwa nini nisitafute majibu yote intaneti, nikaokoa muda?
Jibu: Tafuta, lakini baada ya kujaribu mwenyewe. Katika Ocarina of Time ya mwaka 1998 kuna msitu wa kupotea, ambamo muziki husikika kwa nguvu zaidi kwenye njia iliyo sahihi na kufifia kwenye njia ya kupoteza. Aliyepewa orodha ya kulia na kushoto huuvuka msitu ule upesi, asijue kamwe kwamba wimbo ndio uliokuwa ukimwita.