Kuchambua taa na shoti: dakika tatu za mwanzo za Touch of Evil

Kwa mazoezi ya kuchambua mwanzo wa filamu ya taharuki, Touch of Evil ya Orson Welles (1958) haina mpinzani. Onyesho lake la kwanza ni shoti moja isiyokatwa ya takriban dakika 3 na sekunde 20. Bomu linategwa kwenye buti la gari mpakani mwa Mexico na Marekani, gari linaondoka, na kamera iliyo juu ya kreni inaliandama mitaani. Mji huo, kwa kweli, ni Venice, California. Mpigapicha mkuu alikuwa Russell Metty.

Kwanza jua una toleo gani. La 1958 limejaza majina ya wasanii juu ya picha, na muziki wa Henry Mancini unatawala. Lililohaririwa upya mwaka 1998 limeyaondoa majina. Badala ya muziki ule unasikia redio ya gari na vilabu vya mtaani. Kwa kazi ya taa chukua la 1998. Epuka nakala za mtandaoni zilizobanwa mno: weusi wake humezana, nawe utaandika “giza totoro” mahali ambapo Metty aliacha ukuta uonekane.

Tazama mara tatu. Ya kwanza usisimamishe. Ya pili zima sauti. Ya tatu simamisha kila baada ya sekunde 10, upate mistari kama 20 ya jedwali. Ukitumia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye Windows, herufi E husogeza fremu (picha tuli zinazounda filamu) moja moja. Jedwali liwe na safu tano: muda, ukubwa wa shoti (ya karibu, ya wastani au ya mbali), kamera iko wapi na inaelekea wapi, mwanga unatoka upande gani, na gari liko wapi. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayobeba uchambuzi wote.

Kwenye mwanga, anza na vivuli. Taa hufichwa, kivuli hakifichiki. Kivuli cha pua kikianguka kushoto kwa fremu, taa iko kulia. Kingo zikiwa kali kama zilizokatwa kwa wembe, chanzo ni kidogo au kiko mbali. Zikififia, chanzo ni kipana na kiko karibu. Mtu mmoja mwenye vivuli viwili ana taa mbili. Kisha angalia upande wa uso usiopigwa na taa: jicho likionekana, kuna mwanga wa kujazia, yaani taa ya pili inayopunguza vivuli, pakiwa peusi tii, hakuna, au ni hafifu mno. Mtega bomu anapokimbia, kivuli chake kinatanda ukutani kikubwa kuliko mwili wake. Kivuli hukua kadiri mtu anavyokaribia taa, hivyo hapo ukubwa umetengenezwa kwa mahali taa ilipowekwa.

Sasa kamera. Inaanza karibu kabisa, mikono na saa ya bomu vimejaa fremu. Halafu inapanda juu ya paa, gari linapotea nyuma ya jengo na kuibuka tena. Ikishuka mtaani, Vargas, mhusika mkuu, na mkewe Susan wanaingia kwa miguu, na gari linawapita, linakwama, linawafikia. Andika kila sekunde gari linapotoka ndani ya fremu: hapo ndipo mtazamaji analitafuta.

Kosa kubwa ni kutaja bila kueleza. “Shoti ndefu inaleta taharuki” haisemi kitu; video za harusi zina shoti ndefu na watu husinzia. Sema hivi: kwa kuwa hakuna mkato tangu saa ya bomu itegwe, dakika za mtazamaji na dakika za bomu ni zilezile, na wanandoa wanaotembea kando ya gari hawajui tunachokijua.

Mlipuko wenyewe hatuuoni ukianza. Gari limeshatoka kwenye fremu, Vargas na Susan wanabusiana, kishindo kinasikika, na mkato wa kwanza kabisa unatuonyesha gari likiteketea. Andika muda wake kamili. Kuanzia hapo kamera inatikisika mkononi, kwa hiyo endeleza jedwali lilelile kwa sekunde 30 zaidi na ulinganishe mistari ya pande mbili za mkato huo.