Kujikompailia kerneli ya Linux, na kompyuta bado ikawaka

Njia ya kurudi kwenye kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) ya zamani hutengenezwa kabla ya kukompaili (kugeuza chanzo kuwa programu) chochote. Kwa Ubuntu (Debian hivyohivyo), weka haya kwenye /etc/default/grub, faili ya mipangilio ya GRUB (programu inayochagua kerneli kompyuta inapowaka):

GRUB_DEFAULT=saved
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=10

Ongeza panic=10 ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Kerneli ikianguka, mashine itajiwasha upya baada ya sekunde 10 badala ya kuganda. Kisha sudo update-grub.

Hapa wengi huteleza: saved bila jina humaanisha ya kwanza kwenye orodha, na kesho ya kwanza itakuwa hiyo mpya. Tafuta jina kamili la kerneli ya sasa kwa sudo grep menuentry /boot/grub/grub.cfg, uliandike:

sudo grub-set-default "Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux ..."

Sasa vifaa:

sudo apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev libdw-dev libncurses-dev debhelper rsync

Pakua chanzo kernel.org, kifungue kwenye folda yako mwenyewe. Sudo haina kazi humo. Tenga GB 30. Chomeka kila unachotumia, kuanzia flashi hadi printa, halafu:

make localmodconfig
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-jaribio"
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
make olddefconfig
make -j$(nproc) bindeb-pkg

Ukiulizwa maswali, bonyeza Enter tu. localmodconfig hubakiza moduli (vipande vya kerneli vya kuendesha vifaa) zilizopakiwa wakati huo. Modemu iliyobaki kwenye begi haitatambulika. Ukiruka mistari ya KEYS, kazi hukwama kwa «No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'».

sudo dpkg -i ../linux-image-*-jaribio_*.deb
sudo grub-reboot "1>0"
sudo reboot

grub-reboot huchagua kerneli kwa kuwaka mara moja tu. Ikifeli, inayofuata ni ile ya zamani. Lakini /boot (folda ya kerneli) ikiwa ndani ya LVM (mfumo wa kugawa diski), GRUB haiwezi kufuta chaguo hilo: chagua kwa mkono kwenye menyu. Na "1>0" ni toleo kubwa kuliko yote, kwa hiyo ukijenga la nyuma, taja jina.

Ukiona kosa «bad shim signature», ni Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) inayokataa kerneli isiyo na saini. «Unable to mount root fs» mara nyingi ni initrd (faili ya muda inayosaidia kerneli kuanza) iliyokosekana kwa sababu /boot imejaa. Angalia df -h /boot.

Ukichoka nayo, anza na kerneli ya zamani, kisha sudo apt purge 'linux-image-*-jaribio'.