Kabla hujaenda kung'oa jino, pika kwanza

Nauli hukumbukwa, pesa ya daktari hukumbukwa, dawa za maumivu pia. Chakula hukumbukwa saa kumi jioni, ganzi imeisha, shavu limevimba, na jikoni kuna sufuria ya makande. Gego linaweza kukuweka kwenye vyakula laini siku tatu hadi wiki nzima, na mtu anayeumwa hapiki. Kwa hiyo anza mapema, ikiwezekana siku tano kabla. Sababu ya siku tano utaiona hapo chini.

Siku yenyewe kula kwanza, kisha piga mswaki ndipo uondoke. Ganzi ya sindano haitaki tumbo tupu; njaa ikikutana na woga mtu huzirai kwenye kiti. Ni wa nusukaputi tu wanaofunga, kwa saa watakazopewa.

Ukirudi nyumbani, subiri ganzi iishe, kwa kawaida saa mbili hadi nne, la sivyo utajitafuna ulimi bila habari. Kisha, kwa saa 24, kula baridi au vuguvugu tu: mtindi, maziwa, parachichi lililopondwa, ndizi mbivu, papai. Na mrija usiuguse. Pale jino lilipotoka damu huganda donge, na donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa. Ukifyonza kwa mrija, ukitema mate kwa nguvu, ukivuta sigara au ukisukutua siku hiyo hiyo, unaling'oa. Siku mbili hadi nne baadaye maumivu huja upya, makali, yakipanda hadi sikioni, na mdomo unanuka. Tumia kikombe au kijiko. Maji ya chumvi ya kusukutua, nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji vuguvugu, ni ya kuanzia kesho yake.

Sasa uji, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Unga ukiiva, wanga wake hunywa maji na kuvimba. Gramu 60 hivi za unga kwa lita moja ya maji zinatoa uji unaonyweka; ukizidisha sana unapata kitu cha kula kwa mkono. Basi mgonjwa anaongezewa maji, na akilalamika anaongezewa maji tena. Lita nzima ya uji huo ina kilokalori 200 na ushei, wakati mtu mzima anahitaji kama 2,000 kwa siku. Tumbo limejaa, linaguruma, na mwili haujapata kitu. Siku ya tatu magoti yanalegea, kichwa kinazunguka, na lawama zote zinaangukia dawa. Sukari haitibu jambo hili, inaongeza kidogo tu na kuyachokoza meno yaliyobaki.

Dawa yake ni kimea, kile kile wapika pombe wanachokijua. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, uviringe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue. Anika juani ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, saga. Ukiona ukungu, tupa wote, usichague-chague: sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Usihangaike na mtama, kwani machipukizi yake yana sumu. Kupika ni hivi: tia gramu 200 za unga wa kawaida wa uji, si wa kimea, kwa lita ya maji, pika uwe mzito kama ugali laini, ipua. Acha upoe mpaka uwe wa moto usiounguza, kwa sababu moto mkali huua nguvu ya kimea. Koroga kijiko kimoja kikubwa cha kimea, subiri dakika kumi. Utashangaa: uji ule mzito unalegea na kumiminika. Rudisha jikoni uchemke dakika chache kuua vijidudu, kisha upoze. Sasa lita moja ina karibu kilokalori 700 kabla hujatia maziwa. Uliobaki usilaze nje ya friji.

Uji peke yake haufungi kidonda, mwili unataka protini. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi kwa siku. Vikombe vitatu vya maziwa au mtindi ni kama gramu 24, mayai mawili 12, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, umeshafika. Mayai yavuruge kwa moto mdogo, usiyakaange yakakauka. Maharage yachemshe mpaka yapondeke kwa kidole, kisha yapitishe kwenye chujio ubaki na rojo, maana maganda ndiyo yanayojificha kwenye shimo. Umeme ukikatika, chujio na mwiko vinatosha.

Supu ya mifupa ni tamu, lakini ni maji na chumvi zaidi kuliko chakula. Afadhali mtori, nyama ikiiva sana na kusagwa humo humo, au bokoboko iliyopondwa hadi ikavutika. Samaki ni laini, ila umnyambue kwa vidole taa ikiwaka. Mwiba kwenye fizi mbichi hautaki kusimuliwa. Wali, hata mashendea, usubiri siku kadhaa: punje huingia shimoni na kukaa. Siagi ya karanga iwe laini kabisa. Pasheni yenye mbegu, ufuta, bisi, pilipili na ndimu, weka kando.

Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinakwaruza tumbo tupu, kwa hiyo nusu kikombe cha uji kitangulie kidonge. Ukipewa metronidazole, dawa ya kuua bakteria, pombe hapana. Mwenye kisukari anayetumia insulini aulize dozi kabla ya siku, kwa sababu mlo umebadilika. Naye anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, asiziache kwa uamuzi wake. Homa ikipanda, mdomo ukikataa kufunguka, au kumeza mate kukawa shida, usibaki nyumbani ukibadilisha vyakula. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.