Somo la kidijitali bila intaneti: kompyuta moja, ruta moja na darasa la wanafunzi 70

Shule nyingi zenye vifaa vya TEHAMA hazivitumii, na mara nyingi kinachokwamisha si intaneti. Projekta imefungiwa kabatini na mwenye funguo kasafiri. Ekstensheni haifiki kwenye soketi. Kompyuta inaanza kujisasisha mara tu inapowashwa. Kipindi ni cha dakika 40. Zikiliwa 15 kwa kuunganisha nyaya, mwalimu yeyote atarudi kwenye chaki, na hatakuwa amekosea. Kwa hiyo jiwekee kipimo kimoja: tangu mwalimu aingie darasani mpaka wanafunzi waanze kazi, zisipite dakika tano.

Mpangilio unaoelezwa hapa hauhitaji intaneti wakati wa somo. Una kompyuta moja inayobeba masomo, ruta ya kuyasambaza, projekta, na vishikwambi 20 kwa wanafunzi 70. Shule isiyo na vishikwambi vya wanafunzi inaweza kuanza na kompyuta na projekta tu. Walimu waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 wanaweza navyo kuviunganisha kwenye kompyuta hiyo hiyo wakati wa kuandaa masomo.

Kompyuta ya kubeba masomo

Wengi hushauri kununua Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, kwa kuwa ni ndogo na hula umeme kidogo. Kwa shule ambayo umeme hukatika bila taarifa, kompyuta mpakato kuukuu ni bora. Betri yake, hata ikibaki na nguvu ya nusu saa, inatosha kuizima kwa utaratibu. Raspberry Pi ikizimika ghafla wakati inaandika, kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na siku utakayoihitaji isiwake.

Tafuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi na diski ya SSD ya GB 256. Kabla ya jambo lingine lolote, angalia tarehe. Kompyuta ya zamani huwa na betri ndogo ya saa iliyokwisha (mara nyingi ya aina ya CR2032), hivyo kila inapokosa umeme kabisa hurudi miaka mingi nyuma. Matokeo ya majaribio ya wanafunzi yatarekodiwa kwa tarehe za ovyo, na siku ukiiunganisha na intaneti, tovuti zitakataa kufunguka. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Ibadilishe.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uamuru kompyuta isilale kabisa inapokuwa kwenye chaji, na kufunga kifuniko kusifanye lolote. Ukisahau hapa, mwalimu atafunika kompyuta ili vumbi lisiingie, na vishikwambi vyote 20 vitakwama kwa pamoja.

Programu na masomo

Programu ya kuendeshea masomo ni Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality. Ni ya bure, inaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili, na imeundwa mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti. Isakinishe ukiwa mjini au popote penye mtandao mzuri, kisha uchague chaneli (makusanyo ya masomo) za kupakua. Usipakue chaneli nzima. Chaneli ya Khan Academy ya Kiingereza peke yake inaweza kujaza diski, na mwanafunzi aliyepewa maelfu ya video huishia kutazama zile zisizomhusu. Fungua muhtasari wa somo, weka alama kwenye mada za muhula huu, upakue hizo tu. Ongeza chaneli ya PhET, majaribio ya sayansi na hisabati yanayochezeka kwenye skrini, yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Kwa sayansi hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, maana video humfanya mwanafunzi atazame, lakini jaribio humlazimisha abadilishe kitu na aone matokeo.

Ukitaka pia ensaiklopidia, ongeza Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, yenye faili la Wikipedia. Ile ya Kiingereza yenye picha hufikia takriban GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo mno kwa kulinganisha, na inafaa kuwekwa hata kama nafasi ni finyu.

Kuhamishia masomo kompyuta ya pili hakuhitaji kupakua upya. Kolibri huyatoa kwenye flashi au diski ya nje, kisha kompyuta nyingine huyaingiza kutoka hapo. Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kulihamishia folda la KOLIBRI_DATA ndani ya folda jingine: lazima libaki juu kabisa kwenye flashi, la sivyo programu hailioni. La pili ni flashi yenye muundo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Video ndogo zitapita, faili kubwa la Wikipedia litagoma. Iumbize (format) flashi kwa exFAT kwanza.

Majina ya wanafunzi 70 usiyaandike moja moja. Tayarisha orodha kwenye Excel, ihifadhi kama CSV, uiingize kwa mkupuo. Jina la kuingilia liwe namba ya usajili, herufi na tarakimu tu, bila nafasi wala mkwaju (/). Kwa madarasa ya chini, zima sharti la nywila kwa wanafunzi. Vinginevyo nusu ya kipindi itaishia kwa "Mwalimu, nimesahau". Hasara yake ni kwamba mtu anaweza kuingia kwa jina la mwenzake, kwa hiyo majaribio ya alama za mwisho yafanyike kwenye karatasi.

Ruta

Ruta ya kawaida ya nyumbani inatosha vishikwambi 20 ikiwa kompyuta imeunganishwa nayo kwa waya. Ukiiunganisha kwa Wi-Fi, kila video itasafiri hewani mara mbili na kasi itashuka. Tundika ruta ukutani, kimo cha mita mbili hivi, katikati ya urefu wa darasa. Ikiwa kuna ruta nyingine jirani, tumia chaneli ya Wi-Fi ya 1, 6 au 11, ile ambayo jirani haitumii.

Ndani ya ruta, ipangie kompyuta anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.0.100. Wanafunzi wataandika kwenye kivinjari http://192.168.0.100:8080. Anwani hiyo ipakwe rangi ukutani kabisa, karibu na ubao.

Vishikwambi vikiona Wi-Fi lakini ukurasa haufunguki, kagua kwa mpangilio huu. Je, Windows imeuweka mtandao huo kama wa umma? Ubadilishe uwe binafsi, na uruhusu Kolibri kwenye Windows Firewall. Je, ruta imewashwa kipengele cha kuzuia vifaa visionane, AP Isolation? Kizime. Je, kishikwambi chenyewe kimejitoa? Android ikigundua kuwa Wi-Fi haina intaneti huuliza kama ubaki au uondoke, na yenye laini ya simu huhamia data kimyakimya. Chagua kubaki, na laini zitolewe.

Umeme, ambao ndio mwalimu mkuu wa mpango huu

Piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya asidi ya 12V na 100Ah ina saa-wati 1,200 kwa makaratasi. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo una 600. Inveta hula kama asilimia 15, zinabaki 510.

Projekta ya taa ya kawaida hula wati 280 hivi, kompyuta 45: jumla 325. Betri hiyo itakupa saa moja na nusu, yaani vipindi viwili. Projekta ya LED ya wati 80 pamoja na kompyuta hiyo hiyo ni 125, na utapata saa nne. Ndiyo maana, kwa darasa linaloweza kutiwa giza, projekta hiyo ya bei ya juu kidogo inaweza kuwa rahisi kuliko kununua betri ya pili, ingawa mwanga wake ni hafifu.

Vishikwambi navyo si haba. Betri ya mAh 5,000 inabeba saa-wati 18.5, ukijumlisha upotevu, kukijaza kimoja tangu sifuri kunataka kama 25. Vishikwambi 20 ni 500, karibu zote 510 unazoweza kutumia kwenye betri. Kwa hiyo vichajiwe kwa umeme wa gridi ukiwepo, au mchana jua linapowaka sola, na kamwe visichajiwe kwa betri ileile itakayoendesha projekta kesho yake.

Umeme ukikatika, chomoa projekta na kompyuta kwenye soketi. Unaporudi huja na msukumo mkubwa, na hapo ndipo vifaa huungua. Subiri dakika tano ndipo uchomeke. Kama mfuko unaruhusu, weka stabilaiza au kile kifaa cha kulindia friji, na uhakikishe uwezo wake wa wati unazidi wa vifaa vyote vilivyochomekwa.

Projekta

Darasa lenye madirisha makubwa yasiyo na mapazia linataka mwanga wa lumeni 3,000 hadi 3,500 za ANSI. Neno ANSI lina uzito, maana ndicho kipimo sanifu cha mwanga: projekta nyingi za bei poa huandikwa namba kubwa kwenye boksi, lakini mwanga wake halisi hausomeki saa nne asubuhi. Ijaribu dukani mlango ukiwa wazi.

Kimo cha picha kiwe angalau moja ya sita ya umbali wa dawati la mwisho. Dawati likiwa mita 9 kutoka ukutani, picha iwe na kimo cha mita 1.5. Maandishi yasiwe chini ya ukubwa wa 28, na kabla ya kipindi nenda ukakae mwenyewe kwenye dawati hilo la mwisho. Ukuta mweupe unatosha; shuka jeupe lililokunjamana halitoshi.

Ikitokea skrini ya buluu isiyo na picha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili skrini (Duplicate). Waya wa VGA haupitishi sauti, kwa hiyo spika ichomekwe kwenye kompyuta. Waya wa HDMI unaozidi mita 10 huanza kukatisha picha.

Projekta yenye taa usiichomoe mara somo linapokwisha. Izime kwa kitufe, iache feni izunguke mpaka isimame yenyewe. Kuichomoa taa ikiwa ya moto ndiko kunakopasua taa kabla ya wakati. Chujio la hewa lisafishwe kila mwezi, na wakati wa kiangazi kila wiki mbili.

Kipindi chenyewe

Chukua kanuni ya Ohm. Fungua jaribio la PhET la mada hiyo, weka volti 4.5 na ukinzani wa ohm 250. Mkondo unaonekana: 18 mA. Sasa zima picha kwa kitufe cha projekta cha kuificha, uulize: ukinzani ukiwa ohm 500, mkondo utakuwa ngapi? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Washa picha, sogeza ukinzani. Inasomeka 9 mA, na kwenye fomula herufi R imekua huku I imenywea.

Hapo wanafunzi kadhaa watakuambia kompyuta imekosea, kwa kuwa wao walipata 0.009. Wamepata kwa ampea, skrini inaonyesha miliampea. Usilirukie jambo hili. Ni dakika tano za thamani kuliko zote katika kipindi, na ubao peke yake usingelizusha. Kitufe cha kuficha picha kitumie kila unapoeleza, kwa kuwa macho ya watoto hufuata mwanga na hayatakusikiliza wewe.

Kuhusu vishikwambi, kugawa 20 kwa 70 kunaleta makundi ya watu watatu au wanne, na wa nne hagusi kitu. Katika kipindi cha mkupuo cha dakika 80, ligawe darasa nusu kwa nusu: 35 wafanye maswali ya daftarini, 35 wakae wawili wawili kwenye vishikwambi, kisha wabadilishane. Vinahitajika 18, viwili vinabaki akiba kwa kile kitakachogoma. Mmoja anashika kifaa, mwenzake anaandika, na baada ya dakika 10 wanapokezana kwa amri yako. Ukiwaachia wenyewe, mwenye kasi atashika mpaka kengele.

Vipewe namba kwa rangi isiyofutika, na kila namba iwe na dawati lake. Kishikwambi kikirudi na ufa, utajua kilikuwa kwa nani bila kuitisha baraza.

Likizo ya Desemba, usivifungie vishikwambi vikiwa vimejaa kabisa wala vimeisha. Viache karibu na nusu ya chaji, uvizime, uviweke mahali pakavu pasipo joto la bati. Vikikaa tupu mpaka Januari, betri nyingine hazitapokea chaji tena, na chochote kilichovimba mgongo kisichomekwe hata mara moja: kitolewe darasani, kipelekwe kwa fundi. Funguo za kabati ziwe mbili, kwa watu wawili tofauti.